Suruali ya Unyoya

Mapenzi yana ujinga wake, na ujinga wa Fundi ulikuwa kwenye suruali ya mumewe.

Mume huyo enzi zake alicheza mpira, winga, mwepesi hadi wakamwita Unyoya. Jina likabaki, wepesi ukaaga. Sasa alikuwa bwana wa makamo, kutwa yuko kitini kwenye stoo akihesabu magunia wanayobeba wengine. Kila aliposema, "Eh, suruali hii inanibana," mkewe, mshonaji anayetegemewa na mtaa mzima, alimjibu, "Imesinyaa kwa kufuliwa, baba watoto. Niachie niipige pasi."

Pasi aliipiga kweli, ila kwanza aliufumua mshono wa nyuma akautanua. Mshono ulipoisha, akapachika kitambaa pale mkanda unapoficha. Bwana anavaa, inamkaa sawia, anajipiga kifua: "Suruali ya harusi yangu inanienea mpaka leo! Nyie na vitambi vyenu, poleni." Jamani, nani angekuwa na moyo wa kumwambia? Fundi aliinamia cherehani yake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Jioni moja Fundi alimsikia mumewe akipanda ngazi kuja kwao, ghorofa ya tatu. Hatua zikafika ya pili, zikanyamaza. Akangoja wee, kimya. Akatupa mkasi, akashuka mbio, akamkuta ameketi kwenye ngazi, jasho linamchuruzika, midomo imemkauka.

"Baba watoto, una nini?"

"Nafunga kamba za viatu tu."

Alikuwa amevaa ndala.

Kule zahanati, muuguzi akasema presha iko juu, moyo unalemewa na uzito. Aanze kutembea na mazoezi, polepole, asichelewe. Unyoya akacheka. "Uzito upi, dada? Mizani yangu ni suruali hii." Fundi akatamani ardhi ipasuke immeze. Aliyemfumba macho mumewe ni yeye.

Walipofika nyumbani alisema, "Vua suruali." Akafumua. Kikatoka kitambaa cha kaki, kikafuata cha bluu, cha mwisho kilikuwa pindo la gauni lake mwenyewe. Akavipanga kitandani mbele ya mumewe.

"Kitambi chako hiki hapa. Nilikuwa nakificha mimi."

"Miaka yote najigamba mbele za watu, wewe unanichora tu, unanicheka moyoni?"

"Sikukuchora. Nilikupenda vibaya." Akaiinua suruali. "Sitaki suruali ibaki msumarini, mwenyewe hayupo. Namtaka mwenye suruali. Wewe ukienda, nitazeeka na nani mimi?"

Unyoya alinuna, chai akanywa ameipa meza mgongo. Vitambaa vikarudi mahali pake, maana mtu haendi kazini uchi. Kisha asubuhi moja akasimama mlangoni. "Haya, Fundi. Tunaanzia wapi?"

Ukumbi wa mazoezi ungemeza kodi ya nyumba. Ngazi ni bure. Wakapanda na kushuka pamoja, kwani magoti ya Fundi nayo yalishaanza kulia kwa kukaa. Akajaza mchanga kwenye chupa za mafuta ya kula, akazishonea vishikio. Unyoya akazinyanyua huku akilalamika kwamba kumbe alioa askari. Jioni alirudi kwa miguu. Majirani nao, wee! "Unyoya gani huu unaotikisa nyumba?"

"Subirini," anajibu akihema, "upepo unakuja!"

Kuna siku aliketi palepale ghorofa ya pili, akasema basi, yamemshinda. Fundi akaketi naye, akamfuta jasho kwa upindo wa nguo yake. Hakumsukuma. Wakakaa mpaka pumzi ikarudi, wakainuka.

Miezi ikapita. Jioni moja Fundi yuko kwenye cherehani, akasikia hatua. Ghorofa ya kwanza. Ya pili. Akazuia pumzi, kama alivyozuia kila jioni tangu siku ile. Hatua hazikusimama. Zilikuja na mluzi juu yake, mlango ukafunguka, Unyoya akaingia ameshikilia kiuno cha suruali isidondoke.

"Fundi, inanipwaya. Vitambaa vyako vitoe."

Fundi akafumua, akachukua sindano ashone upya. Uzi ukapita kando ya tundu, ukapita kando tena. Machozi yalimjaa, haoni kitu.

"Lete hapa," alisema mumewe. Akaketi karibu yake, akamtungia uzi.