Aliyekataa Kusimamishwa

Hakuwahi kumwambia mtu amefika wapi katika kutafakari, wala hakuruhusu aulizwe. Mwanamke huyu, karani mstaafu wa posta, alipanda kwenye kituo chetu cha kutafakari, juu ya mji wa Kandy, kila siku ya mwezi mpevu, nguo zake nyeupe zimechakaa magotini. Kwanza alisoma ukurasa mmoja wa mafundisho ya kale juu ya kuingia mkondo, hatua ambayo aliyeifikia harudi tena nyuma katika safari ya ukombozi. Kidole kilifuata mstari polepole, kama anayesoma anwani iliyolowa mvua. Kisha aliketi saa nzima bila kukohoa.

Mwaka huu msimamizi, Bwana Delgoda, alianza kuwasimamisha mbele ya wafadhili watu aliodai wameingia mkondo. Aibu ile ya kuonyeshwa hadharani sisi tuliipokea kana kwamba ni heshima.

"Dada, njoo usimame na wenzako," Delgoda akamwita yule karani siku moja.

"Nani kakwambia nimeingia?"

"Mbona uso wako unasema."

"Jana nimemtukana jirani kwa sababu ya fenesi. Hilo uso haukukwambia?"

Watu wakacheka, yeye hakucheka. "Kitabu kinasema aliyeingia, maadili yake hayana ufa. Unataka nianze kwa uongo?"

Kabla ya chakula cha mchana Delgoda alikuwa amemfuta kwenye orodha ya kituo, na hakuna aliyefungua kinywa kumtetea, mimi nikiwemo. Kukataa kule kulimnyima mahali alipoketi kwa miaka kumi na tisa, na sasa anatafakari peke yake jikoni kwake, kando ya barabara ya malori.