Wasomaji wa Saa Tatu Asubuhi

Kazi yake ilikuwa kupanga mikakati ya mji, na hata mdogo wake wa tumbo moja hakuielewa vizuri. Alizunguka masokoni, vituoni na kwenye ofisi za serikali akitazama watu wanavyotumia mahali, kisha akawaandikia wakubwa wa manispaa nini kibadilishwe. Miaka kumi na tisa ya kazi hiyo ilimpa imani moja: mji mzuri ni ule unaopitisha watu upesi. Foleni ilimuuma kama jipu. Chakula cha mchana alikula amesimama. Nyumbani walimbatiza jina la Saa Ngapi, maana swali hilo lilimtoka hata kabla ya salamu.

Aliishi na baba yake, mzee mjane aliyestaafu ufundi wa mitambo kiwandani. Kwa miezi mitatu mzee huyo alikuwa na jambo lake. Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, alivaa shati lililopigwa pasi, akachana nywele chache alizobaki nazo, akatoka. Alirudi saa saba. Akiulizwa alikuwa wapi, alisema anatembea tu. Wangecheka, wangesema mzee kapata mchumba, ila siku moja mdogo mtu alimwona kwa macho yake akishuka kwenye kituo cha hospitali kuu. Mama yao alikuwa ameficha ugonjwa wake mpaka maji yakazidi unga, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Wakawa wananong'onezana kwenye simu, wakapekua mifuko ya koti lake wakitafuta dawa. Hawakupata kitu ila tiketi za basi. Kumuuliza waziwazi hawakuthubutu. Mzee huyo, alichokifunga hakifunguliwi kwa nyundo.

Ndipo mkurugenzi akampa kazi mpya. Maktaba ya manispaa ilikuwa na chumba cha magazeti ghorofa ya chini, viti arobaini, na ofisi ya leseni ilikuwa inakitamani. Mkurugenzi alisema waliokaa mle hawaazimi vitabu, wanaua muda tu. Alitaka mapendekezo ndani ya wiki mbili, na kwa sauti yake ilijulikana anataka mapendekezo gani. Saa Ngapi naye hakuona ubaya. Watu wanaokaa bila kwenda popote, kwake walikuwa kama takataka kwenye mfereji.

Jumanne saa tatu asubuhi, wasomaji wa kwanza wakiwa wameshaingia, aliketi karibu na mlango wa chumba hicho na fomu zake, akiandika nani kaingia saa ngapi. Alimwandika mlinzi aliyetoka lindo la usiku, ambaye alifungua gazeti na kusinzia nyuma yake kwa heshima zote. Alimwandika mpishi aliyekuwa akinakili matangazo ya kazi kwenye kiganja. Akamwandika mama mmoja aliyesoma ukurasa mmoja kwa nusu saa, midomo ikicheza. Mkutubi alimnong'oneza kwamba yule kajifunza kusoma mwaka huu.

Halafu, nyuma ya kabati la magazeti ya zamani, akasikia sauti ikisoma matokeo ya mpira, polepole, bila kuruka hata majina ya waamuzi. Kalamu ikamdondoka. Aliijua sauti hiyo kuliko yake mwenyewe.

Akachungulia. Baba yake alikuwa ameketi wima, miwani puani, na kando yake mzee mwenzake aliyefumba macho, kainamisha sikio. Mpira ulipokwisha, akaingia kwenye matangazo ya vifo. Yule mwenzake akamwambia arudie jina moja, kisha akatikisa kichwa. "Huyo nilimshonea suti ya harusi," alisema.

Baba mtu akageuza ukurasa, na juu ya miwani akamwona binti yake.

"Umenifuata?"

"Hapana, baba. Nimekuja kazini. Nahesabu wanaokaa humu."

"Basi nihesabu," alisema mzee, akataka kuendelea kusoma.

Lakini yeye alivuta kiti. Akaketi, na swali la miezi mitatu likatoka lenyewe. "Baba, unaumwa?"

Mzee akashangaa kwelikweli. Alipoambiwa kuhusu kituo cha hospitali, akaeleza kwamba fundi cherehani huyu, ambaye macho yake yaliisha mwaka jana, anakaa nyuma ya hospitali ile. Yeye humfuata kila asubuhi, humshika mkono, wakaja kusoma.

"Sasa kwa nini usituambie?"

"Ningekuambia, mwanangu, ungenipangia ratiba."

Fundi akacheka kwanza. Binti naye akacheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka mkutubi akaja kumwomba atoke nje. Kwenye ngazi alimpigia mdogo wake. Mdogo mtu alilia, kisha akamtukana mzee kwa mapenzi mpaka salio likaisha.

Alasiri alikwenda kwa mkurugenzi, akamweleza kwamba baba yake ni mmoja wa wanaokaa, hivyo apewe mtu mwingine wa kuhakiki hesabu. Akapewa. Akahesabu wiki nzima, na kila alichoandika kilimsuta. Kwenye ripoti aliandika kwamba kwa miaka mingi amepima muda wa watu mjini kama maji ya bomba, kwa kasi yake tu. Na kwamba mle ndani watu sitini kwa siku wanapeana muda ambao nyumba zao na kazi zao haziwapi. Sentensi hiyo aliifuta mara mbili kwa aibu, mara ya tatu akaiacha.

Mkurugenzi aliisoma, akaguna, akaamua kati kwa kati: chumba kibaki cha magazeti mpaka saa nane, baada ya hapo watu wa leseni wakitumie. Saa Ngapi alipotoka mle ofisini mabega yalimshuka, kama mtu aliyetua mtungi kichwani.

Jioni alimpelekea baba habari. Mzee alisema mchana wao huwa hawapo, fundi hulala. Mdogo mtu alikuwepo pia, amekuja kumwangalia mgonjwa asiyeumwa. Wakala pamoja wote watatu, wamekaa, huku mzee akilalamika kwamba fundi anabishana na gazeti kana kwamba yeye msomaji ndiye aliyeliandika.