Dada Aliyefutwa kwenye Filamu

Saa mbili kasoro asubuhi, mvuke umeshatanda chumba kizima cha kufulia cha hospitali. Mwanamke mwembamba aliyejifunga kitambaa kichwani anashika ncha moja ya shuka, mwenzake anashika nyingine. Wanaikung'uta mara moja, kisha wanailisha mashine ya kunyoosha.

"Usiniangalie mimi, angalia vidole vyako," anamwonya mwandishi aliyesogea karibu. "Mashine hii haijui mgeni."

Ana miaka hamsini na miwili, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia humu. Kwa zamu moja, yeye na mwenzake hunyoosha shuka zisizopungua mia tatu. Mikono yake ina mabaka ya kuungua hadi kwenye viwiko. Wenzake humwita Mwalimu, ingawa hajawahi kushika chaki.

Jina hilo lililetwa na kitabu. Kwa miaka kumi na minne, kila mapumziko ya saa nne, amekuwa akiwasomea wenzake riwaya ile ile, kurasa tatu nne kwa siku. Ikiisha, wanamwambia aanze upya. Mgongo wa kitabu umeshikiliwa na plasta ya vidonda.

"Nimekifunga kama mgonjwa," anasema na kucheka.

Riwaya yenyewe inahusu ndugu wawili wa kike. Mdogo anaondoka kwenda kutafuta kazi, mkubwa anabaki kumuuguza mama yao. Mama anafariki, mdogo anachelewa mazishi, na dada mtu ananyamaza kabisa. Katika sura ya kumi na moja mdogo anarudi nyumbani, anamkuta dada yake akianika nguo. Anaokota vibanio, anaanza kumsaidia. Nguo ya mwisho inapofika kambani, ndipo anapoomba msamaha.

"Aliyeandika hanijui, wala mimi simjui," anasema Mwalimu. "Lakini ni mimi huyo."

Mama yake aliugua kwa miaka mitatu. Dada yake, fundi cherehani, alifunga kibanda chake ili amuuguze. Mwalimu alituma pesa kila mwezi, akaona amemaliza. Siku ya msiba aliomba ruhusa kazini, akazungushwa, akafika siku moja baada ya mazishi. Dada yake alimkuta mlangoni na kumwambia, "Umefika? Watu wameshaondoka."

Tangu hapo, mwaka wa nane sasa, wamekuwa watu wa kujuliana hali kwa simu. Maneno mengine Mwalimu hakuyatoa. Alitamani dada yake asome sura ile ya kumi na moja, lakini macho ya dada yamechoshwa na sindano, na vitabu havimkai mkononi.

Kwa hiyo tangazo la filamu iliyotokana na riwaya ile lilipobandikwa ukutani, mkabala na lango la hospitali, Mwalimu aliruka kama mtoto. Alikata tiketi mbili, akapiga simu.

"Njoo, dada. Kuna kitu nataka ukione."

"Kitu gani hakisemeki kwenye simu?"

"Hakisemeki."

Dada akasafiri saa sita kwa basi.

Walikaa safu ya nne. Nyumba ilipotokea, na kamba ya nguo uani, Mwalimu alisogea ukingoni mwa kiti. Akasubiri dada mkubwa atokee. Akasubiri tena. Nusu ya filamu ikapita, ndipo alipoelewa kwamba hatatokea. Kwenye filamu, msichana amezaliwa peke yake. Aliyewekwa badala ya dada ni daktari kijana mwenye gari jekundu. Hata pale kambani, anayekuja ni daktari, na wanakumbatiana katikati ya shuka.

"Na shuka zenyewe hazina hata mkunjo!" anasema kwa uchungu. "Shuka gani inakauka kambani hivyo?"

Dada yake alifurahi, alicheka, hata alipiga makofi mwishoni. Walipotoka nje akamgeukia.

"Nzuri. Yule daktari mtanashati kweli. Ila mdogo wangu, umenitoa kwangu saa sita njiani nije kuangalia harusi ya watu?"

Mwalimu anazima mashine, anajifuta uso kwa ukingo wa aproni.

"Pale ndipo ningesema. Alikuwa amesimama mbele yangu, ameshika mkoba wake, ananingoja. Nikamwambia, 'Nilitaka tu tukae pamoja.' Akaniangalia kidogo, akasema, 'Haya.' Asubuhi akapanda basi."

Wenzake nao walikwenda kuiona, wakarudi wamenuna. "Mwalimu, dada yuko wapi?" mmoja alimuuliza. Wiki nzima waliwatukana watengenezaji wa filamu, naye akiwa wa kwanza. Kisha akachoka.

"Waliniharibia kitabu changu, hilo sitawasamehe," anasema. "Lakini mimi ndiye niliyewapa watu wasionijua kazi ya kunisemea kwa dada yangu. Hiyo haikuwa kazi yao."

Ameomba likizo ya siku nne mwisho wa mwezi, na safari hii amepewa. Kitabu atawaachia wenzake, waendelee wenyewe kusomeana. Jumapili alimpigia dada yake kumwambia anakuja, kwamba kuna jambo la mama anataka kulisema kwa mdomo wake.



"Akaniambia, 'Njoo. Ila nina nguo za watu za kushona, sitakaa kukuangalia.'" Mwalimu anavuta shuka nyingine kutoka kwenye rundo. "Hakusema karibu. Amesema njoo. Naenda na hiyo hiyo."