Nauli ya Mama

Niliacha shule darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua magari yaliyopita mbele ya darasa letu yalikuwa yanakwenda wapi. Baada ya kuzurura kwingi nikaangukia Ujiji, utingo wa lori la mzee mmoja muuza mawese. Ilikuwa miaka ile boti zilipokuwa zikishusha wakimbizi ufukweni karibu kila asubuhi, na serikali ikakodi malori ya kuwafikisha kambini. Letu lilikuwa limelala uani, matairi yamekwisha. Mzee alilinunua kwa mkopo, nyumba yake ikiwa rehani. Lisipopata tenda, nyumba inakwenda.

Mimi nilidhani tenda ni karatasi. Mzee akacheka.

"Karatasi kila mtu anayo, kijana. Wewe ungemkabidhi mtu usiyemjua mgonjwa wako?"

Basi kazi yetu ikawa kujulikana. Afisa aliyepanga malori alikaa Katubuka. Mtoto wake akilazwa, tulikwenda na uji. Paa lake likivuja, nilipanda mimi. Samaki wa mgebuka wakipatikana ziwani, fungu la kwanza lilikuwa lake. Na siku zote hizo tenda haikutajwa. Nilimuuliza mzee kwa nini.

"Ukiitaja," alisema, "yote uliyofanya yanageuka biashara."

Kisha mama wa afisa akafariki hospitalini mjini. Mzee aliazima matairi, tukamsafirisha marehemu hadi Ilagala, kwao. Afisa alikaa nyuma nami, mkono juu ya jeneza, njia nzima ya mashimo. Tulipolishusha alimshika mzee mabega. "Umenizikia mama. Sasa wewe ni baba yangu."

Mzee alirudi akiimba.

Lakini asubuhi ya siku ya kuanua matanga, watu wa benki walikuja kuipima nyumba kwa kamba, hata jiko. Mke wa mzee aliwafuata nyuma, chumba hadi chumba. Tukaondoka kwenda Ilagala hivyo hivyo.

Wanaume tulikaa chini ya turubai. Pembeni, mtu mmoja aliyekunja mikono ya shati alikuwa akipasua kuni. Tulimjua: naye alikuwa na malori mjini.

"Mwangalie," mzee alininong'oneza. "Kaja msibani kutafuta kibarua."

Chakula kikaja. Mzee hakugusa tonge. Nilimwona akimwinamia afisa.

"Mwanangu, lile jambo la malori. Usinisahau."

Alisema kwa sauti ya chini, ila wazee wa ukoo walikuwa wamenyamaza wakila, na kila mtu alisikia. Afisa alinawa mikono, akaifuta kwa utulivu.

"Mzee, mama alipanda gari lako. Nitajie nauli yake, nikulipe."

Shangazi wa afisa, aliyekuwa akigawa chakula, akatema mate pembeni. Shoka lilisimama kidogo, kisha likaendelea.

Tenda alipewa mpasua kuni. Nyumba ilikwenda, lori nalo akalinunua yeye yule, na mimi nikaendelea nalo kwa kuwa nililijua.

Mzee alihamia kwa binti yake huko Bangwe. Asubuhi moja tulikuwa tukipakia watu ufukweni, mvua inanyesha, nikamwona anakuja. Alipitisha kiganja kwenye bodi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Breki wametengeneza?"

"Wametengeneza."

"Hizo za nyuma zilikuwa zinanisumbua."

Mwanamke aliyekuwa anapanda alisita mbele yetu. Alikuwa amebeba mtoto aliyefunikwa gubigubi kwa kitenge. Nilipomshika mkono nimvute juu, kitenge kikateleza, nikaona kwamba mtoto yule hakuhitaji tena kukingwa mvua.

"Baba," aliniuliza, "nauli ni kiasi gani?"

"Hakuna nauli, mama. Panda."

Akakaa pale pale jeneza lilipokuwa. Nilipogeuka, mzee alikuwa ameshaondoka, anapita katikati ya watu waliolowa, kichwa chini, kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha.