Vichwa Sita vya Joka la Komanda

Waliouteka mji wetu walipora vitu vya maana kwanza, ndipo wakageukia upuuzi. Hilo nawakubalia. Mabati yalitangulia, zikafuata cherehani, kisha milango ya shule. Walipoifikia nyumba ya yule mzungu wa visima, ambaye alikuwa ameshavuka ziwa, hapakuwa na kitu isipokuwa vitabu, viatu visivyo na wenzake, na sanduku la karatasi ngumu lenye picha ya joka kwenye kifuniko. Askari mmoja alilitia begani akapita nalo katikati ya Baraka, mji wetu, kama mtu anayepeleka mahari. Ndani mlikuwa na vipande vya chuma vya kuchezea.

Mimi niliitwa kwa sababu nilikuwa na brashi. Kabla ya vita nilifundisha kushona na kuchora kwenye foyer ya bamama, kituo cha wanawake cha kazi za mikono, na majina ya mitumbwi yote ya ufuo wetu, mpaka ile ya rasi ya Ubwari, yaliandikwa kwa mkono wangu. Nilikwenda bila kubisha kwa sababu mdogo wangu alikuwa kwenye kontena.

Kontena lile lilikaa nyuma ya ofisi ya komanda, juani, na zamani lilikuwa la kuwekea unga. Mdogo wangu alitiwa humo kwa kosa la kukutwa na gunia la chumvi mtumbwini. Walisema anawapelekea chumvi wale wapiganaji wa milimani. Mvuvi asiye na chumvi samaki wake wanaoza, jambo ambalo hata mbwa wa Baraka anajua, lakini akili za wale waungwana hazikufika huko. Kila mchana mama alimpelekea bugali na samaki. Walinzi walikula samaki, wakampitishia bugali, kisha wakamwambia mama mchuzi umepungua chumvi. Sijui walitaka tuitoe wapi.

Komanda alinipokea amevaa koti zito la baridi, katika joto la Baraka, kwa kuwa koti lile lilikuwa na vifungo vya dhahabu. Sanduku lilikuwa wazi mezani.

"Mama, unaona hii joka? Batu balilipa feza, bakapewa kitu ya kuvunjika."

Nikamweleza kwamba vinauzwa hivyo makusudi, mnunuzi aviunge mwenyewe, halafu apake rangi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kwa kweli hiyo ndiyo siku pekee niliyokubaliana naye.

"Basi utaunga we. Mukubwa wangu anatoka Uvira, anakuja kutembelea. Nataka aikute inasimama ku meza yangu. Ukitengeneza muzuri, ndugu yako atatoka."

Nilifanyia kazi barazani pake, maana hakuniamini kuondoka na vipande. Vilikuwa vya chuma cha kijivu, laini kiasi cha kukwaruzwa kwa kucha, na vizito kuliko vilivyoonekana. Kiwiliwili kilikuwa pande mbili, mkia vipande vipande, mabawa mapana kama sahani za sikukuu, miguu yenye kucha, na kichwa chenye pembe mbili kilichokuwa kimepanua kinywa. Gundi pekee iliyobaki mjini ilikuwa ile ya kuzibia matairi, tunayoiita solisyo. Inashika mpira, chuma inakidharau. Niliweka bawa asubuhi, likaanguka kabla sijasafisha vidole.

Walinzi wa komanda walijikusanya kunipa ushauri. Mmoja alisema yule ni mamba, mabawa ni makosa ya kiwanda. Mwingine alisema mabawa yatazame mbele, ili mnyama akikimbia upepo umsukume. Debe tupu haliachi kuvuma, na mimi nilikuwa na madebe manne yenye bunduki. Askari waliopaswa kulinda mji walikuwa wanalinda gundi yangu ikauke.

Mwishowe nilichukua sindano nene ya kushonea magunia, nikaizungusha polepole katika kila kiungo mpaka ikatoboa, nikakata waya wa gurudumu la baiskeli na kuuchomeka ndani, nusu kwenye bega, nusu kwenye bawa. Hapo bawa likakaa. Nikafanya vivyo hivyo kwa mkia, shingo na miguu, na mianya nikaiziba kwa nta. Kisha nikaliosha lote kwa majivu, maana rangi haishiki juu ya mafuta ya vidole, nikalipaka nyeupe kwanza, halafu kijani cha mitumbwi, kama lilivyokuwa kwenye picha. Kwa magamba nilichovya brashi, nikaipangusa karibu yote kwenye kitambaa, nikaipitisha juu juu ili vilele tu vishike rangi ya majani makavu. Macho niliyatia rangi ya kucha ya jirani.

Lilipendeza. Nasema ukweli, lilipendeza sana, na nililichukia kwa kupendeza kwake, kwa sababu nyuma yangu nilikuwa namsikia mdogo wangu akikohoa ndani ya bati.

Siku ya kulikabidhi, komanda alikuwa ameketi na muhubiri wake. Huyu tulimjua wote. Alikuwa muuza makaa, na vita vilipofika akasikia wito, na kwa bahati njema wito ulimwelekeza kwenye nyumba iliyokuwa na chakula. Komanda alilizunguka joka, akanusa rangi, akatabasamu. Muhubiri hakutabasamu. Alifumba macho kama anayesikiliza mbinguni.

"Komanda, joka iko na bichwa saba. Kila mutu mwenye kusali anajua."

Komanda akahesabu. Hesabu haikumchukua muda.

"Bichwa bingine sita biko wapi?"

Nilidhani ni utani. Nikasema sanduku lilikuwa na kichwa kimoja. Nikakimbilia kifuniko, nikamwonyesha picha: joka moja, shingo moja, kichwa kimoja. Alikishika kwa mikono miwili, akakitazama kwa muda mrefu, kwa utulivu wa hakimu.

"Foto banapigaka ku rubavu," akasema. "Bingine biko nyuma."

Na wote wakaitikia kwa vichwa. Muhubiri, walinzi, hata mpishi aliyekuwa amepita na sufuria. Nilitazama nyuso zile moja moja nikitafuta mtu mmoja tu mwenye aibu, sikumpata. Tangu utoto tulikaa kwenye mabenchi ya kanisa, Wakatoliki na Waprotestanti, tukihubiriwa joka la vichwa saba, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyewahi kusikia kwamba wazungu wanalo lingine la kichwa kimoja la kuchezea nyumbani.

"Ulibiuzisha ku Ubwari," komanda akasema. "Bavuvi banatafuta kitu ya kuzamisha manyavu. Utarudisha bichwa sita, ao ndugu yako atazeekea mule."

Nilirudi nyumbani na hasira zangu. Nilimsimulia mama yote, nikaigiza komanda na kifuniko chake, nikitegemea angalau tucheke pamoja. Mama alikuwa anatwanga sombe, yale majani ya muhogo. Aliacha mchi, akatazama mlangoni, akashusha sauti.

"Mutoto yangu, mi siko komanda. Niambie tu mi. Bilikuwa bingapi?"

Nilitoka nje nisije nikamtukana aliyenizaa.

Hata hivyo vichwa vilitakiwa. Chuma kizito chenye kuyeyuka kwa moto wa jikoni kilikuwa sehemu moja tu nyumbani kwetu, kwenye wavu wa mdogo wangu uliotundikwa darini. Ulikuwa na vipande vya madini ya risasi ukingoni mwote, vya tangu enzi za baba, na wakati ule wa vita usingepata vingine hata ukilia. Wavu usio na uzito unaelea juu ya maji kama kanga iliyomponyoka mtu, na samaki wanapita chini. Mama alivikata mwenyewe kwa wembe, akavikusanya kwenye upawa wake. Najua alichokuwa akiwaza: kwamba nilikula sita, sasa nalipa sita.

Nilikandamiza udongo wa wafinyanzi kwenye shavu la kichwa cha joka, nikaukausha vizuri, maana udongo wenye maji hukurushia moto usoni. Nikayeyusha madini kwenye kopo la nyanya na kumimina. Vilitoka vichwa vyenye shavu moja na upande wa pili bapa, ndiyo, vya ubavuni, kama picha ya komanda! Nikavichonga kwa kisu. Kimoja kilikuja kama mbuzi, kimoja kama kambare, na kimoja, sikukusudia, kilipata kidevu cha muhubiri. Nikavichomeka kwa waya shingoni, vikisongamana kama abiria wa lori la kwenda Fizi. Joka likainamia mbele na kuanguka kifudifudi. Ikabidi nilipigilie kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjika. Muhubiri naye akakumbuka kwamba joka linalohubiriwa ni jekundu, kwa hiyo ile kijani yangu, magamba na yote, nikaizika chini ya rangi ya lango la shule.

Komanda alipoliona alipiga makofi. Alichagua kichwa chenye kidevu, akakigusa kwa kidole.

"Hii ndiyo iko na akili," akasema. Muhubiri akaitikia kwa fahari.

Nilimkumbusha ahadi. Akasema tungoje mukubwa aone kwanza. Basi mukubwa akaja, amechoka na barabara, koti lake limejaa vumbi. Aliingia ofisini, akatafuta pa kutundika kofia, akaitundika kwenye joka. Akala, akanywa, akapatana na komanda mambo yao, akachukua kofia, akaondoka. Nilikuwa barazani, niliona yote. Hakuuliza lile ni nini.

Asubuhi yake mdogo wangu akafunguliwa. Si kwa sababu ya joka. Watu wa kijiji cha Lubondja walikuwa wamenyang'anywa mbuzi, na mbuzi walihitaji pa kulala.

Alifika nyumbani ameegemea bega la mama, amekonda, shingo imebaki mishipa. Nilimwekea maji, nilimwekea chakula chenye samaki juu, nilikaa mbele yake nikisubiri anitazame. Aliinua macho darini kwanza. Akauona wavu, akauona ukingo wake mtupu, akaelewa.

"Yaya," akasema, jina tunalomwitia dada mkubwa, "balinielezea mule ndani. Kila siku balikuwa banasema: dada yako anatuibia bichwa sita, ndiyo maana hutoke. Sababu gani haukubirudisha mbio?"

Niliumia, na sitaki kulipamba hilo. Nilikuwa nimevumilia wajinga wote wa mji kwa ajili ya mtu mmoja, na mtu huyo amekaa mbele yangu ananiuliza swali lao. Watu wanapenda kusema lisemwalo lipo. Namtafuta aliyeitunga methali hiyo nimwonyeshe vichwa sita ambavyo havikuwahi kuwapo.

Wale watu walikimbia baadaye, kama wanavyokimbia wote, wakibeba hata bawaba za madirisha. Joka waliliacha mezani kwa uzito wake. Mimi na mdogo wangu tulilichukua, tukakata vile vichwa vyangu, tukavigonga kwa nyundo vikawa tena vya wavu. Alifanya kazi akikiacha kile cha kidevu mwisho, akakipiga kuliko vyote, na hapo kidogo tulicheka. Nikaona huo ndio wakati wa kumwonyesha ukweli.

Nikaenda jikoni. Kifuniko cha sanduku nilikuwa nacho bado, nilikitumia kufunikia unga. Nilikikung'uta, nikampelekea, nikamwekea mapajani pamoja na kile kichwa kimoja cha sandukuni, nilichokuwa nimekichomoa shingoni, ili aone mwenyewe pembe kwa pembe, jino kwa jino.

"Angalia," nikamwambia. "Kimoja. Kilikuwa kimoja tangu mwanzo."

Alitazama picha. Alitazama kichwa. Alikuwa ananipenda mdogo wangu, alitaka kabisa kuniamini, niliiona taabu yake usoni. Halafu akakigeuza kifuniko polepole, akatazama nyuma.