Jiko la Mkono wa Kulia

Saa tatu kasoro robo asubuhi, na mama huyu anapanga jiko zima kwa mkono mmoja. Wa kushoto ameuficha kwenye mfuko wa aproni, na kila unapochomoza anaurudisha, kama anayemkanya mtoto asiguse kitu.

Wageni wanafika saa nane mchana. Ni familia ya watu sita, wamekodi nyumba hii kwa siku tisa za likizo, na jiko lao bado liko ndani ya maboksi. Sahani sita. Vikombe sita, na viwili vya akiba, maana anasema watu walio likizo na vikombe hawapatani.

Majirani wanamwita Mama Vijiko. Ana miaka hamsini na minne, na kazi yake ni kuweka vyombo kwenye majiko ya nyumba zinazokodishwa kwa wageni. Ananunua, anaosha, anapanga, na wageni wakiondoka anarudi kuhesabu vilivyosalimika.

"Vijiko vya chai vinayeyuka," anasema bila kucheka. "Niliweka kumi na viwili, nikakuta saba. Sijui wanakwenda navyo wapi, na kwao wanavyo."

Akimaliza kupanga, hukaanga yai moja. Si njaa. Anaanzia kutafuta kiberiti mpaka kuosha kikaango, na chochote kinachomfanya asimame kufikiri kiko wapi, anakihamisha. Alifundishwa hivyo na mumewe.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mumewe. Alikuwa mpishi wa shule ya bweni kwa miaka kumi na tisa, mgongo wake ukachoka na masufuria makubwa, akaanza kupanga majiko ya wageni. Mkewe alimsaidia kubeba na kusoma orodha. "Mimi nasoma, yeye anapanga," anasema. "Yai tulikuwa tunagawana. Miaka saba hiyo."

Miezi kumi na moja iliyopita, akiwa anafunga kamba za viatu waende kazini, kiharusi kilimwangusha mumewe. Kilichukua upande wa kushoto. Na mzee huyu, tangu azaliwe, ni mtu wa mkono wa kushoto.

Mkewe akairithi kazi. Hapakuwa na la kufikiria mara mbili. Malipo ya jiko moja yanatosha dawa na mazoezi ya mgonjwa kwa wiki tatu, na kwa mwezi anapata majiko mawili, akibahatika matatu. Orodha alikuwa nayo kichwani.

Halafu malalamiko yakaanza. Mgeni mmoja aliandika kwamba jiko ni safi lakini linachosha. Mwingine alisema ameungua mara mbili akifuata chumvi ng'ambo ya moto. Wa tatu aliuliza swali, na mwenye nyumba akamsomea Mama Vijiko kwenye simu kama lilivyo: aliyepanga jiko hili anatumia mkono wa kushoto?

"Nikamjibu, hapana baba, mimi ni wa kulia," anakumbuka. "Nikakata simu. Nikasimama jikoni kwangu nikaangalia. Birika kushoto. Visu kushoto. Mwiko, chumvi, kitambaa cha mikono, vyote kushoto. Miaka ishirini na sita napika kwenye jiko la mume wangu, wala sikuwahi kuliona. Yeye wageni aliwapangia kwa kulia, kumbe mikono yangu huko ilikuwa inampangia yeye."

Anasema alikaa sakafuni akalia mpaka binti yake akaja mbio kuuliza nani amekufa. "Nikamwambia hakuna, baba yako yuko sebuleni anasikiliza redio. Akanishangaa. Na mimi nilijishangaa."

Mwenye nyumba ni mtu mstaarabu, lakini mgeni mmoja akiandika vibaya, kumi hawaji. Wiki iliyopita alimpigia tena. "Mama, nakuheshimu, na mzee namheshimu," alimwambia. "Lakini jiko hili la sasa likilalamikiwa, itabidi nitafute mtu mwingine." Ndiyo maana leo mkono wa kushoto uko mfukoni. Ukiachiwa, unarudisha kila kitu kulekule.

Saa sita kamili mwenye nyumba anaingia kukagua. Anavuta droo. Anainua birika, anaigiza kumimina. Anaenda sinki, anarudi.

"Hapa sawa kabisa, mama. Hata mimi naweza kupika."

"Wewe usipike, baba, wageni watakimbia."

Anacheka, anaondoka ameridhika. Mama Vijiko anakaa juu ya boksi tupu. Kibarua chake kimepona, na uso wake ni wa mtu aliyetoka kuzika.

"Nimefurahi, usidhani sijafurahi," anasema. "Ila naona kama nimemfuta. Hili ndilo jiko la kwanza ambalo yeye hayumo."

Nyumbani kwake ni vyumba viwili na jiko jembamba. Hapa birika bado limebanwa kati ya jiko la gesi na ukuta, upande wa kushoto, na kwa mtu mwenye mkono mmoja wa kulia na mguu usioaminika, kulifikia ni kupita juu ya moto. Mzee alijaribu mwezi wa pili wa ugonjwa. Akaanguka, akaungua kiwiko. Tangu hapo amepigwa marufuku jikoni.

Chai ya kuachiwa kwenye chupa haitaki. Anasema yeye ni mpishi, hapikiwi chai. Kwa hiyo siku mkewe akienda kazini, anashinda na maji tu mpaka arudi.

Mwandishi wa makala haya anamuuliza kwa nini asihamishe birika. Mama Vijiko anafunga mlango wa sebuleni kwanza.

"Nikilihamisha, nitakuwa nimemwambia ule mkono haurudi."

Kila asubuhi anaukanda kwa mafuta ya moto, kidole kwa kidole. Mwezi uliopita mtaalamu wa mazoezi alimvuta kando mlangoni, akamwambia kwa sauti ya chini asiutegemee tena. Mama Vijiko hajamwambia mumewe. Kila akitaka kuanza, anakuta ameanza habari nyingine.

Lakini mzee anajua. Yuko kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio mapajani, na maneno yake yanatoka mazito, moja moja.

"Mwalimu wa darasa la kwanza alinichapa mwaka mzima niandike kwa kulia," anasema. "Nikagoma. Nilimshinda." Anauinua mkono wa kulia, anautazama kama wa mtu mwingine. "Sasa kanipata."

Anacheka kwa nusu ya mdomo. Mkewe hacheki.

"Mama watoto," anasema mzee. "Hamisha birika."

Mkewe anajifanya anapanga mto mgongoni kwake. Anaupanga, anaupangua.

"Nimesikia yule wa mazoezi, siku ile mlangoni," mzee anaendelea. "Kiharusi hakikuchukua masikio. Hamisha."

"Jumapili, mzee wangu," anajibu, na machozi yanamtoka palepale, mbele ya mgeni.

Jumapili hana kazi. Akimsindikiza mwandishi hadi barabarani, anaueleza mpango wake huku akijifuta uso kwa pindo la aproni ambayo hajaivua tangu asubuhi. Ataanza na birika na kiberiti, kisha chumvi na mwiko. Visu ataviacha palepale kwa sasa, hajajiandaa.

"Nikishamaliza nitamwambia nina kiu ya chai," anasema. "Atahangaika, najua. Atakuwa mgeni jikoni kwake mwenyewe. Mimi nitakaa kitini nisimwoneshe kitu, nisimshikie kitu. Hata ikichukua mpaka jioni, nitaisubiri."