Bandeji ya Sekunde Tatu

Sajini mstaafu aliajiriwa na kampuni ya michezo ya kompyuta ili vita vyao vifanane na vile alivyopigana. Kwa miezi minne aliwafundisha jinsi bunduki inavyokwama kwa tope, nao wakarekodi hata mlio wake inapokokiwa. Siku ya kuonyeshwa kazi, askari wa kwenye skrini alipigwa risasi ya tumbo, akajifunga bandeji kwa sekunde tatu, akainuka na kukimbia.

“Huyu hainuki,” Sajini alisema. “Mwenzangu aliyepigwa hapo hapo alimwita mama yake tangu asubuhi hadi adhuhuri, ndipo akanyamaza.”

“Sasa mzee wetu, mchezaji atangoja hadi adhuhuri?” mkuu wa kazi alimtania. “Si ataenda kuoga arudi!”

Ofisi nzima iliangua kicheko.

“Basi lifuteni jina langu kwenye mchezo huu,” Sajini alisema.

Hawakulifuta. Walijivunia ukweli wa chuma, wakamsingizia binadamu, na tangazo likasema mchezo umehakikiwa na Sajini mwenyewe.

Mjane wa yule mwenzake akapiga simu.

“Shemeji, binti yangu ameucheza mchezo wako. Anauliza, kama jeraha lile hufungwa likapona, mbona baba yake hukumfunga?”